Safari ya Peke Yako Kwenda Kuona Miji ya Kale: Kutoka Ziwa Nyasa Hata Kilwa

Katika nchi za Ulaya iko desturi moja njema, ya vijana na ya watu wazima pia. Mtu hujipatia likizo ya majuma mawili, hufunga mzigo mdogo, hununua tikiti ya gari la moshi, kisha huenda peke yake kutazama magofu ya Warumi wa kale. Hana kiongozi wa kumshika mkono, wala hana mali nyingi. Ana kitabu, ana daftari, na ana mpango alioupanga nyumbani kabla ya kuondoka.

Leo twataka kuuliza swali moja: je, mtu wa Mbinga, wa Liuli au wa Mbamba Bay aweza kufanya safari ya namna hiyo katika nchi yake? Jibu letu ni kwamba aweza. Tena tutaonyesha kwamba safari yenyewe inamhusu yeye kuliko watu wengi, kwa sababu njia ya kwenda kwenye magofu yetu makuu ilipita katika nchi yake zamani, na babu zake waliikanyaga kwa miguu.

Kwanza na tutazame jinsi wenzetu wanavyofanya, ili tuchukue lililo jema. Msafiri wa magofu ya Kirumi mara nyingi huanza Roma yenyewe. Akishuka katika stesheni kuu ya mji ule, kando yake tu husimama kipande cha ukuta uliojengwa karne ya 4 kabla ya Kristo. Hupanga chumba kimoja, na kila asubuhi hutoka na kila jioni hurudi. Siku moja hupanda gari la moshi kwenda Ostia, iliyokuwa bandari ya Warumi, mwendo wa nusu saa hivi. Siku nyingine husafiri mpaka Napoli, na kutoka huko huchukua gari dogo la reli hata Pompei, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79 baada ya Kristo. Karibu na Napoli pia iko Pozzuoli, ambayo wasomaji wa Matendo ya Mitume waijua kwa jina la Puteoli, mahali aliposhuka Mtume Paulo katika merikebu alipokuwa akipelekwa Roma.

Kwa msafiri huyo twajifunza mambo matatu. La kwanza, hahamihami kila siku na mzigo wake. Hukaa mahali pamoja na kuzunguka kutoka hapo. La pili, hachagui mahali pengi. Heri magofu matatu yaliyotazamwa vema kuliko kumi yaliyotazamwa dirishani. La tatu, husoma kwanza. Asiyesoma huona mawe tu, bali aliyesoma huona mji.

Basi Roma yetu iko wapi? Katika pwani yetu yako magofu mengi, lakini makubwa kuliko yote katika Tanzania ya leo yako Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mahali hapo pawili palitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kilwa haikujengwa na Warumi. Hata hivyo biashara ya Warumi ilifika pwani hii zamani sana. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri, nchi iliyokuwa chini ya Warumi, aliandika kitabu kwa Kiyunani kueleza bandari za bahari hii. Akautaja mji wa biashara uitwao Rhapta, ulioko katika pwani yetu, ambako watu waliuza pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Hata leo wataalamu wangali wakiutafuta mji huo.

Kilwa ilikuja baadaye. Ukuu wake ulikuwa katika karne ya 13, ya 14 na ya 15, kwa sababu ilishika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala na bara ya Zimbabwe. Masultani wake walipiga fedha zao wenyewe za shaba. Moja imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Kilwa, akausifu mji kwa uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida wakauteka na kuupora, na tangu hapo nguvu yake ikapungua.

Sasa mtu wa ziwani atauliza, Kilwa yanihusu nini mimi? Na tujibu. Mwaka 1616 Mreno mmoja, Gaspar Bocarro, aliondoka Tete juu ya mto Zambezi, akapita karibu na Ziwa Nyasa, akavuka mto Ruvuma, na kufika Kilwa kwa miguu. Hakuifungua njia yeye. Alipita katika njia za wenyeji. Katika karne ya 19 njia za namna hiyo zikawa njia za machozi. Misafara ilivuka ziwa au kulizunguka, ikachukua watu wa Kinyasa, Kiyao na makabila mengine, ikawapeleka pwani wakiwa wamefungwa, na Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa kuliko zote kwa biashara hiyo ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa kwa bahari, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya nchi kavu. Kwa hiyo mtu atokaye Mbamba Bay kwenda Kilwa haendi ugenini kabisa. Anaifuata nyayo ya watu ambao wengi wao hawakurudi. Yeye atarudi, na hilo si jambo dogo.

Hapo ndipo tufikie habari ya reli. Yapasa kusema wazi: hakuna reli ifikayo Ziwa Nyasa kwa upande wa Ruvuma, wala hakuna reli ifikayo Kilwa. Haikuwa kwa kukosa kufikiri. Wadachi katika utawala wao walifikiri reli ya kusini, kutoka Kilwa mpaka ziwani, lakini haikujengwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walijenga reli katika Jimbo la Kusini kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea. Mpango ukashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Siku hizi serikali ina mpango wa reli kutoka Mtwara hata Mbamba Bay, lakini mpango wa karatasi haupandwi. Kwa hiyo mtu wetu hana budi kuifuata reli iliko, nayo iko Makambako.

Reli ya Makambako ni ile ya TAZARA, iliyojengwa na Tanzania na Zambia kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hata New Kapiri Mposhi. Kufika Makambako kutoka ziwani ni safari ya basi. Mbamba Bay mpaka Mbinga ni kilomita 66 za kupanda milima, na njia yote sasa ina lami. Mbinga mpaka Songea ni yapata kilomita 100. Songea mpaka Makambako kwa kupitia Njombe ni karibu kilomita 300.

Twashauri msafiri asipite Songea usiku na kuiacha. Alale hapo, na asubuhi aende kwenye Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga hapo mashujaa wa Kingoni. Na vita vile vilitoka wapi? Vilianza mwaka 1905 katika nchi ya Wamatumbi, nyuma ya Kilwa, na habari ya maji ikasafiri mpaka Ungoni. Hivyo msafiri aanze kuona kwamba Kilwa na Songea zilikuwa zikisemezana tangu zamani, kwa biashara, kwa utumwa na kwa vita.

Kabla ya kuondoka nyumbani, yafaa kuuliza mapema, kwa simu au kwa mtu aliye Makambako, siku na saa ya gari la moshi, na kama safari za abiria zinaendelea wakati huo. Asitegemee habari ya mwaka jana, maana ratiba hubadilika na gari huweza kuchelewa saa nyingi. Kuuliza si ujinga. Na kama gari la TAZARA halipatikani juma hilo, asikate tamaa wala asikae stesheni akihesabu pesa zinavyopungua. Aweza kuchukua basi kutoka Makambako mpaka Dodoma kwa kupitia Iringa, au mpaka Morogoro kwa kupitia Mikumi, kisha apande gari jipya la reli liendalo kwa nguvu za umeme. Gari hilo lilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na likafika Dodoma katikati ya mwaka ule ule. Watu wangali wakiliita gari la moshi, ingawa halitoi moshi hata kidogo.

Apandaye TAZARA Makambako atasafiri zaidi ya kilomita 600 mpaka Dar es Salaam. Atake kiti au kitanda cha upande wa dirishani, naye asilale mapema, maana kutoka Makambako kushuka Mlimba ndiko kulikowasumbua wajenzi kuliko mahali pengine pote. Reli inashuka kutoka nyanda za juu mpaka bonde la Kilombero, ikipita juu ya madaraja mengi na ndani ya njia zilizotobolewa chini ya milima. Mtu wa Umatengo ajuaye kuchimba ngoro katika mteremko ataelewa upesi kazi ile: adui wa mkulima na wa mjenzi wa reli ni yule yule, maji ya mvua yaporomokayo na kuubeba udongo. Mbele zaidi gari hupita Ifakara na Kisaki, na kukata ukingo wa hifadhi ya wanyama. Mara nyingine abiria huona twiga na ndovu bila kushuka.

Katika vyumba vya kulala wanaume huwekwa mbali na wanawake, ila watu wa nyumba moja wakinunua chumba kizima. Jambo hili lampa moyo mwanamke asafiriye peke yake. Mzigo uwe mmoja, wa kubebeka kwa mkono bila kuomba msaada. Pesa zisikae mahali pamoja: za siku hiyo mfukoni, nyingine ndani ya nguo, na akiba mbali na hizo zote. Kitambulisho kisitengane na mwili. Maji na chakula kidogo cha kwake mwenyewe, hata kama chakula chauzwa njiani, vitamwokoa gari likichelewa.

Akifika Dar es Salaam, na afanye kama yule msafiri wa Roma: chumba kimoja, siku tatu, kutoka na kurudi. Siku ya kwanza aende Makumbusho ya Taifa, jengo lililofunguliwa kwa watu mwaka 1940, aangalie vitu vilivyochimbuliwa Kilwa. Wataalamu wakiongozwa na Neville Chittick walichimba Kilwa katika miaka ya 1960, na vigae walivyovipata, vya hapa kwetu, vya Uajemi na vya Uchina, ndivyo vilivyoeleza tarehe za majengo. Aonaye vigae kwanza, ataelewa kuta baadaye.

Siku ya pili aende Bagamoyo kwa basi, yapata kilomita 70, na kutoka hapo Kaole, kilomita tano hivi kusini ya mji. Kaole kuna misikiti miwili ya kale na makaburi, mengine yamesimamishiwa nguzo za mawe. Msikiti wa zamani zaidi husemwa kuwa wa karne ya 13. Kaole ni padogo, nako ni kuzuri kwa kujizoeza kutazama. Hapo msafiri ajifunze kuitambua mihirabu, yaani mahali pa imamu katika ukuta uelekeao Makka. Aangalie mawe ya matumbawe yalivyokatwa. Apapase kwa macho, si kwa mikono, lipu ya chokaa. Siku ya tatu na apumzike, afue nguo, aandike barua au apige simu nyumbani, na kununua tikiti ya basi la kusini.

Basi la Kilwa huenda yapata kilomita 300. Huvuka mto Rufiji katika Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo abiria walivuka kwa pantoni, na mafuriko yakizidi walikaa ng'ambo siku nyingi. Hapa msafiri aangalie sana asipotee kwa majina, maana Kilwa ni tatu. Kilwa Kisiwani ni kisiwa chenye mji wa kale. Kilwa Kivinje ni mji wa bara wa karne ya 19, ule wa misafara ya watumwa tuliyoitaja. Kilwa Masoko ni mji wa leo wenye ofisi za wilaya, nao unatazamana na Kisiwani. Njia ya lami ya kusini hupita Nangurukuru. Hapo ndipo pa kushuka kama basi lenyewe halifiki Masoko. Malazi yawe Masoko, na siku zisipungue tatu.

Magofu hayaendewi bila ruhusa. Kwanza msafiri aende katika ofisi ya serikali iliyo Masoko inayoyatunza, alipe ada, apewe stakabadhi na kiongozi. Asiuone kuwa ni usumbufu. Kiongozi wa huko ni mtu aliyezaliwa kati ya kuta hizo. Ataonyesha lisiloandikwa vitabuni.

Sasa twafika katika jambo ambalo mtu wa Ziwa Nyasa, hata kama ni mvuvi hodari, hana budi kujifunza upya. Ziwa letu lina mawimbi na pepo kali, lakini halipwi wala halijai kama bahari. Ukiacha mtumbwi ufukweni Liuli asubuhi, jioni utaukuta na maji yake pale pale. Bahari sivyo. Kwa nguvu za mwezi na jua hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika 50 hivi; kwa sababu hiyo saa ya maji kujaa kesho itachelewa kama dakika 50 kuliko leo. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na watu wa pwani huita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali, nayo huitwa maji mafu. Katika siku za bamvua pwani hii maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku.

Ni faida gani kujua hayo? Kisiwani ni karibu, mashua huvuka kwa muda mfupi. Lakini Songo Mnara ni mbali zaidi, na pwani yake ina mikoko na matope. Ukifika maji yamekupwa, mashua itakwama mbali nawe utatembea majini na tope mpaka magotini. Na ukichelewa huko, utangoja maji yarudi. Kwa hiyo jioni ya kwanza msafiri amtafute nahodha, wapatane bei kabla ya kupanda na si baada ya kushuka, kisha amwulize, "Maji ya kesho yakoje, baba?" Nahodha akisema tuondoke alfajiri, aondoke alfajiri. Bahari haimngoji mtu aliyelala.

Kisiwani kuna mengi, nasi twataja manne. La kwanza ni Gereza, ngome iliyo ufukweni. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505, lakini kuta nyingi zionekanazo leo ni za Waarabu wa Omani, za karibu na mwaka 1800. La pili ni Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani yatoka karne ya 11, na sehemu kubwa yenye matao na makuba iliongezwa katika karne ya 14. La tatu ni Makutani, nyumba ya masultani wa karne ya 18. La nne ni Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali litazamalo bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane.

Hapo ndipo kulinganisha na Roma kunapofaa. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya milima ya moto yaliyochimbwa karibu na Puteoli, wakapata udongo mgumu kama jiwe. Kwa udongo huo walijenga kuba la Pantheoni la Roma, lililosimama tangu karne ya pili mpaka leo. Mafundi wa Kilwa hawakuwa na majivu hayo. Walikuwa na bahari. Walikata matumbawe yakiwa bado laini na mabichi, wakayachonga, yakakauka na kuwa magumu. Mengine wakayachoma wakapata chokaa. Kila fundi alitumia kilicho mlangoni pake. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake, hatasema tena kwamba maarifa ya kujenga yalikuwa ya watu fulani tu.

Tena ataona hatari. Mawimbi hula ufuko na mizizi ya miti hupasua kuta. Mwaka 2004 magofu haya yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yakafanyiwa kazi ya kuyaimarisha, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo. Hata hivyo bahari haijaacha kula. Msafiri asipande juu ya kuta, asiandike jina lake, asichukue hata kigae kimoja. Watu elfu wakichukua kigae kimoja kimoja, kitabu kizima kimechanwa.

Siku ya mwisho aende Kilwa Kivinje, atembee katika nyumba zile kuukuu zilizochakaa, atulie kidogo ufukweni. Mtu wa ziwani hahitaji kiongozi wa kumweleza ni nani walioletwa hapo.

Kurudi nyumbani, hatushauri kurudi kwa njia aliyojia. Kutoka Nangurukuru kuna njia ya lami kwenda Lindi, Masasi, Tunduru mpaka Songea. Njia hii haina reli, lakini ina maana kubwa. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja pamoja na watu walioachwa huru kutoka utumwani, wakashuka Lindi, wakaelekea nchi za Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaona nchi njema, wakakaa, na mji ukaanza. Wao walikwenda nusu ya njia. Msafiri wetu akipita Masasi na Tunduru, kisha Songea na Mbinga, na kushuka milima mpaka aone maji ya ziwa, atakuwa ameimaliza.

Yabaki maneno machache ya hesabu. Muda ni majuma mawili, na siku mbili za akiba. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, hayafai. Mwalimu na mwanafunzi wataona mwezi wa Juni unafaa, ila pepo za kusi huwa kali baharini. Mkulima wa kahawa yafaa angoje mpaka auze mavuno yake, aende kati ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za kupanda. Fedha azigawe mafungu matano: nauli, malazi, chakula, ada za magofu pamoja na mashua, na akiba. Fungu la akiba lina sheria moja tu: lisipungue nauli ya kurudi nyumbani kutoka mahali pa mbali kuliko pote. Likifikia kiasi hicho, safari imekwisha, hata kama Songo Mnara haijaonekana.

Na kwa nini peke yake? Si kwa kiburi. Aendaye na wenziwe huzungumza nao. Aendaye peke yake huzungumza na wenyeji. Lakini peke yake si kwa siri. Aache nyumbani karatasi yenye mahali pa kulala kila siku, na kila afikapo atoe habari. Akirudi asikae kimya na daftari lake. Alisome shuleni, kanisani, msikitini, au kwenye kijiwe cha wavuvi wakishona nyavu. Maana wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Na asiyejua kwao alikotoka, atakataaje au atakubalije?